Baba, Embe Limeingia Kwenye Wiski

Baba,

Kaa kwanza. Huko uliko lazima kuna kiti, na kama hakuna najua umeshamsumbua mtu akutafutie. Nina habari, na nataka uisikie kutoka kwangu kabla Mzee Kimeu hajafika huko siku moja akakupa ile yake aliyoitia chumvi: embe limeingia kwenye wiski yako. Si kwenye sahani kando ya glasi. Ndani ya glasi. Na aliyeliingiza si mimi peke yangu, lakini hapo tutafika.

Najua umekunja uso. "Wiski si juisi." Nimelelewa na maneno hayo kama watoto wengine wanavyolelewa na kuambiwa wanawe mikono. Ulitoka nayo Nairobi, kwenye ile hoteli uliyosimama nyuma ya baa mpaka nywele zikakimbia kipaji cha uso, ukaja nayo hapa Mumbuni pamoja na kopo lako la kutikisia na chujio lako, ukafungua chumba kimoja chenye kaunta ya mti wa mukau. Kinywaji kilichokupa jina kilikuwa kimoja tu: ile wiski ya Kimarekani, burboni, na ndimu, na sukari kidogo, na ute wa yai. Ulitikisa bila barafu, ukatikisa tena na barafu, ukachuja, povu likakaa juu. Mtu akikuuliza burboni ni nini, ulimwambia ni mahindi, ni muthokoi uliopelekwa shule ng'ambo ukarudi na lafudhi. Kila mgeni aliambiwa hivyo, na kila mara aliyecheka kwanza ni wewe.

Unamkumbuka yule kijana aliyetoka Syokimau na miwani ya jua ndani ya nyumba, akakuomba umtilie juisi ya embe? Ulimmiminia wiski yake, ukamkatia embe kwenye sahani, ukamwambia watu hao wawili watakutana huko chini tumboni, wewe si wa kuwajulisha. Alicheka mpaka miwani ikaanguka. Mimi nilicheka pia, lakini moyoni nilijiuliza, kwani itakuwaje? Swali hilo sikuwahi kukuuliza. Halafu ukaondoka Januari ile, asubuhi, presha ilipokushika ukifunga kamba za viatu. Hata viatu vyenyewe, kimoja ulikuwa umeshakifunga.

Sitaki kulia, nimejiahidi. Wacha nikupe habari za nyumbani.

Muthama amefuga ndevu. Hazijamkaa lakini hatumwambii, maana yeye ndiye kaka mkubwa na ndiye sasa anayeongea kwenye mikutano ya ukoo. Redio yako bado inashika stesheni moja. Mzee Kimeu bado anakaa kwenye kiti chake cha mwisho karibu na ukuta, na bado anasahihisha Kiswahili cha kila mtu kana kwamba hajastaafu ualimu. Mama alirudi kuishi Matuu, kwenye shamba na maembe yake. Mimi nilibaki na kaunta.

Nilijaribu, Baba. Nilitengeneza wiski yako ya ndimu vile ulivyonifundisha, kipimo kwa kipimo, na watu waliinywa na wakasema ni nzuri. Tatizo ni vile walivyosema. Kila mmoja alipiga funda, akatazama ule ukuta wenye picha yako, akashusha pumzi. Wengine walisema "kweli tulikuwa na mtu" na wakaenda nyumbani mapema. Kwa mwezi wa kwanza nilifurahi kwamba wanakukumbuka. Kufikia Julai nilielewa kwamba nimefungua chumba cha matanga chenye barafu.

Mama aliliona hilo kabla yangu, na hakuwahi hata kuingia ndani. Unajua vile alivyokuwa. Mwanamke wa kanisa, mlango wako alifika kila siku na mguu wake haukuvuka hata mara moja. Alikuja na hotpot ya chakula, akagonga mwimo wa mlango na kifuniko, wewe ukafuta mikono na kutoka, mkakaa kwenye ngazi, ukala. Watu wa mtaa walizoea kuwaona hapo nyinyi wawili kama wanavyozoea mti. Basi Desemba Mama alituita Matuu, mimi na Muthama, akasema taratibu vile anavyosema mambo ambayo amekwisha kuyaamua. Ibada ya mwaka ikiisha, kaunta itolewe. Chumba kitapewa mama mmoja wa kanisani anayeshona sare za shule. "Sitaki nyumba ya bwanangu ikuwe mahali ya watu kuja kuhuzunika," alisema. Muthama akakubali, akasema anajua fundi, atamleta jioni ileile apime ubao.

Hakuwa amekosea. Niliomba kitu kimoja tu: mchana mmoja. Tukitoka kaburini, marafiki wako waje Mumbuni wanywe glasi ya mwisho juu ya kaunta kabla haijang'olewa. Mama akasema sawa, na akasema atawapikia, lakini atakileta chakula mlangoni.

Sasa nikuambie nilichokuwa nacho kichwani. Nilijua nikiwapa wiski yako ya ndimu, watashusha pumzi, na hiyo pumzi ndiyo itakayoing'oa kaunta. Nilihitaji kinywaji ambacho hawawezi kukulilia nacho. Kitu kipya, chenye wewe ndani lakini kisichokuwa wewe. Nikafikiria embe. Tungefikiria nini kingine sisi, watu wa Matuu, mwezi wa Januari, maembe yakianguka mpaka ng'ombe wanayakinai?

Jaribio la kwanza lilikuwa aibu. Nilichukua yale maembe ya aina ya epo, yaliyoiva mpaka ngozi inateleza, nikasaga, nikaweka asali ya Muthetheni badala ya sukari, nikamimina burboni, nikatikisa. Kopo lilikataa hata kutoa sauti. Mzee Kimeu alilijaribu kwa sababu ya mapenzi tu. Aligeuza glasi, akangoja kiteremke, hakikuteremka, akaniomba kijiko. Nilichuja. Likawa jepesi lakini tamu la kukwaruza koo, nikaongeza ndimu, likaanza kunuka dawa ya kifua. Nikasema basi nichemshe embe kidogo na asali. Usiulize kuhusu ile sufuria yako nyeusi. Siku hizi ni nyeusi pande zote mbili.

Nilitafuta maembe yaliyoiva zaidi. Hilo ndilo kosa, na najua ungelifanya pia, sote tungelifanya. Kwetu mgeni akija unamchagulia lile lililoiva kuliko yote, lile lenye harufu inayotangulia sahani. Ukimpa mgeni embe gumu umemwambia aende. Nilipokuwa mdogo nilimpa mjomba embe lenye ubichi karibu na kokwa, Mama akaniita jikoni akanivuta sikio mpaka leo ni refu kuliko lile lingine. Kwa hiyo kila mara kinywaji kilipokataa, nilifikiri embe halijatosha kuiva, nikaenda kutafuta lingine lililolegea zaidi.

Siku ya ibada ikafika na sikuwa na kinywaji. Asubuhi tulikuwa Matuu. Msalaba wako ni mzuri, Baba, mweupe, na vigae vimekaa sawa isipokuwa kimoja pembeni ambacho fundi wa vigae alisema ni udongo uliotitia. Ungemfukuza. Mchungaji alihubiri muda mrefu na jua likatuchoma, na Mzee Kimeu akanong'ona kwamba wewe peke yako ndiye uliye kivulini. Mama alisikia, na badala ya kukasirika nikaona mabega yake yanatikisika. Tuliporudi Mumbuni nilienda moja kwa moja uani, nikawasha jiko, nikaanza tena. Ndani marafiki wako wakaanza kufika, mmoja mmoja, na suti zao za ibada. Nilisikia viti vikivutwa. Nilisikia ile pumzi.

Embe likaungua. Nilikaa juu ya kreti nikalia, ndiyo, nililia, Baba, si kwa ajili yako hata, kwa ajili ya sufuria.

Hapo nikasikia mlango unagongwa na kifuniko cha hotpot. Sikuinuka. Ukagongwa tena. Halafu kimya, halafu nikasikia nyayo zikizunguka nje, na Mama akatokea uani kwa lile lango dogo la nyuma, hotpot mkononi na mfuko wa plastiki chini yake. Alinusa. Aliangalia sufuria, akaangalia maganda, akachovya kidole kwenye bakuli la embe lililosagwa, lile lisilotiwa wiski, akaonja. Nilidhani atasema afadhali jambo hili limeisha. Alisema, "Mwende, kwani unawapikia uji?"

Nikamweleza. Nikamwambia nilichotaka, yote, na kwa nini, na kwamba nilitaka auone mlango huu ukicheka kabla haujafungwa. Alisikiliza akiwa amesimama. Kisha akaweka hotpot chini, akafungua ule mfuko wa plastiki, akanionyesha. Ndani mlikuwa na embe la aina ya kenti, bichi, gumu, limekatwa vipande vyembamba, limepakwa chumvi na pilipili. Embe la watoto wa shule. Lile tunalonunua kando ya barabara na kulila tukifinya macho.

Nikamwuliza ni la nani. Akasema ni lako. Akasema amelikata asubuhi bila kufikiri, mkono umezoea.

Baba. Tumekushika.

Kumbe kila siku, chini ya ile hotpot, kulikuwa na mfuko. Kumbe ulipotoka kwenda kukaa kwenye ngazi ulitoka na kidole kimoja cha wiski kwenye kikombe cha chai, ukala chakula, halafu ukala embe bichi kwa pilipili ukishushia na burboni, na Mama akitazama barabara kana kwamba haoni. Miaka yote hiyo! Wewe uliyempa kijana wa Syokimau sahani! Nilimwuliza Mama kama alijua kilichokuwa kwenye kikombe, akaniangalia kwa huruma. "Wewe ulifikiri babako anakunywa chai na embe?"

Ndipo akanisimulia ya soko la Matuu, vile ulivyokuwa kijana mwembamba uliyekuja kutafuta mahindi ukamkuta yeye na ndoo ya maembe mabichi. Ulinunua moja ili upate kuongea. Akakupakia pilipili makusudi, nyingi, aone kama utaondoka. Hukuondoka. Ulikula lote, machozi yakikutoka, ukimwambia hali ya barabara ya Thika. Kesho yake ukarudi ukanunua jingine. Mama alikuwa anacheka akisimulia, kile kicheko cha puani, na mimi nilikuwa nimekaa kwenye kreti nikiwa na masizi usoni, nikifikiri kwamba kinywaji ninachokitafuta kimekuwa mlangoni pangu tangu sijazaliwa.

Nilisema lakini Mama, embe bichi kwa wageni? Akasema hao si wageni, hao ni watu wa babako, na zaidi ya hayo embe lililoiva ni tamu na asali ni tamu, nani atagombana na ile kitu kali. Akavua saa yake akaiweka mfukoni. Akaagiza kikwaruzo. Tulikwaruza kenti zote alizokuwa amekuja nazo kwa ajili ya kachumbari, tukakamua kwa kitambaa safi, yakatoka maji ya kijani kibichi, makali, yenye harufu ya jani. Niliweka hayo mahali pa ndimu. Asali kidogo. Burboni niliipima mwenyewe, maana Mama aligeuka upande mwingine nilipofungua chupa, ana mipaka yake. Ute wa yai. Nilitikisa bila barafu, nikatikisa na barafu, na kopo likaimba, Baba, vile lilivyokuwa likikuimbia wewe. Mdomo wa glasi nikaupaka chumvi na pilipili, upande mmoja tu, anayeogopa ageuze.

Nikaingia ndani. Wote wakanitazama. Nikasimama pale pako, nikachovya kijiko, nikaonja mbele yao, vile ulivyosema mama yako alivyofanya alipopika uki, ile pombe yetu ya kienyeji, kwamba hakuna mzee aliyegusa kibuyu kabla yeye mwenyewe hajapiga funda la kwanza mbele ya watu. Kwanza ukali, halafu asali, halafu yale mahindi yako yaliyosoma, yakaja taratibu nyuma, na pilipili ikafunga mlango. Nilicheka. Sikukusudia, kicheko kilinitoka tu. Nikampa Mzee Kimeu glasi.

Alipiga funda. Nilingoja atazame picha yako. Hakutazama. Alifinya jicho moja, akalifumbua, akapiga jingine, akasema kwa Kikamba kwamba ni nzuri, "Nesa." Halafu akasema kwamba hajala embe la pilipili tangu afukuzwe darasani kwa kulila chini ya dawati, na yule wa pembeni yake akasema yeye ndiye aliyemsemea kwa mwalimu, na wakaanza kugombana, wazee wawili wenye suti, kwa sauti, kuhusu jambo la shule ya msingi. Mwingine akadai Kimeu alistahili. Mtu akaongeza redio. Sikumbuki ni lini chumba kile kilikuwa na kelele hivyo. Wewe ulikuwa ukutani na kwa mara ya kwanza picha ile ilionekana kama mtu aliyechelewa kukaribishwa, si mtu aliyeondoka.

Katikati ya hiyo kelele Muthama akaingia na fundi. Fundi alikuwa na futi ya kupimia mkononi na penseli sikioni, kijana mpole, akasimama kando akingoja watu wapishe. Nikaona furaha yangu yote inateremka miguuni. Nilikuwa nimesahau, unaamini? Nilikuwa nimesahau kabisa kwa nini tuko hapo. Muthama akaniangalia kwa masikitiko na ndevu zake, akamwonyesha kaunta.

Mama alikuwa bado uani. Nilimwona kupitia mlango wa nyuma, amesimama kwenye kizingiti, glasi mkononi. Alikuwa amejitengenezea ya kwake, maji ya embe, asali, soda ya maji, bila ile kitu. Aliwatazama wazee wakigombana. Alitazama muda mrefu. Kisha akainua mguu, Baba, akavuka.

Redio tu ndiyo iliyoendelea. Mzee Kimeu alisimama kama vile anavyosimama kanisani. Mama alipita nyuma ya kaunta, akasimama kando yangu, akaweka glasi juu ya ule ubao wa mukau na kuupapasa kidogo kwa kiganja, pale ulipopauka kwa kiwiko chako. Akamwuliza fundi kama anakunywa pombe. Fundi akasema hapana, Mama, mimi nimeokoka. Mama akachukua kijiko, akachovya kwenye glasi yake, akaonja mbele ya fundi, akasukuma glasi kwake.

"Kunywa," alimwambia. "Halafu hii kaunta uipake vanishi. Usiguse kitu ingine."

Sijui nani alianza kupiga makofi. Mimi nilikuwa nimemshika Mama mkono chini ya kaunta ambapo watu hawaoni, na alikuwa anaubana kwa nguvu.

Jumapili hatufungui, hilo hata sikuthubutu kulijadili. Mama wa sare amepata chumba kingine karibu na stendi, na Mama mwenyewe ndiye aliyemtafutia. Kenti zinakuja kutoka Matuu zikiwa ngumu, amekataza mtu yeyote kuzichuma isipokuwa yeye, na kila glasi ya wiski ina ndugu yake isiyo na wiski. Mama anasema hiyo ndiyo asili na ile nyingine ni nakala. Kwenye ubao ukutani kinywaji tumekiita Ngazini. Kijana wa Syokimau alirudi wiki iliyopita, na miwani yake, akakiagiza, akaniuliza kama wewe ungekubali. Nikamwambia ulikubali zamani, ila hukutaka watu wajue.

Wiski yako ya ndimu bado ipo, anayeitaka anaipata. Siku hizi wakiinywa wanasimulia habari zako badala ya kushusha pumzi. Nafikiri walikuwa wanahitaji tu kicheko kitangulie.

Nimekuandikia hii nikiwa nimesimama, kwa sababu vanishi aliyopaka fundi jana bado inanata na haitaki viwiko. Nakukosa, Baba, hasa saa hizi za mchana kabla mtu hajaingia, ninapotaka kukuuliza kitu kidogo na nikageuka. Lakini sijambo. Sote hatujambo. Pumzika na viatu vyako, kimoja kimefungwa na kimoja hakijafungwa, huko hakuna haraka.

Nakuahidi hili: maadamu kaunta hii iko, hakuna atakayepewa kitu ambacho sijakionja kwanza mbele yake. Na kikombe chako cha chai sitampa mtu. Kipo kwenye ngazi. Kila mchana anapoleta kenti, Mama anakikalisha hapo kando ya mfuko wa embe, anakaa, anatazama barabara. Siku hizi anaweza kuingia akitaka, lakini bado anagonga kwanza na kifuniko, na mimi nafuta mikono, natoka.

Binti yako,
Mwende